Fundi Rangel na Ndege Tuliyoiita Bibi

Ijumaa hii, tarehe 29 Septemba 2023, Afisa Mteule Rangel Dochev anakabidhi funguo za stoo ya vifaa na kustaafu, baada ya kukitumikia kikosi chetu cha ndege za uchukuzi kwa miaka thelathini na minane kasoro siku moja. Siku hiyo moja imemkera. Aliomba aruhusiwe kuja Jumamosi ili hesabu itimie; ofisi ikamjibu kwamba Jumamosi stoo haifunguliwi. Basi kasoro hiyo itabaki, na sisi tunaomfahamu tunajua ataisimulia mpaka theluji ianguke.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu nilikaa naye ndani ya ndege moja kwa miaka kumi na tisa, mimi nikiwa msoma ramani, yeye fundi wa safarini. Nilimwomba ruhusa kwanza, maana humu yamo mambo ambayo hayajapata kusemwa hadharani. Alisoma barua yangu mara mbili, akaikunja, akaniambia niandike yote au nisiandike kabisa.

Rangel alizaliwa kijiji kimoja karibu na Troyan, mtoto wa mtengeneza mapipa. Baba yake alimfundisha kupima pipa kabla halijatiwa mvinyo: unaligonga kwa nyundo ya mti huku kiganja cha mkono wa pili kimelala juu ya mbao, na penye ufa, hata usioonekana, mbao hutetemeka vingine. Alikuja kikosini tarehe 1 Oktoba 1985, ana miaka ishirini na mmoja, mkononi sanduku la mbao na chupa tatu za jamu ya plamu. Chupa mbili ziliishia kwa sajini wa mapokezi. Ya tatu aliificha ndani ya ndege, na huo ndio ulikuwa mwanzo wa mapenzi yao.

Ndege yenyewe ilikuwa Antonov ya injini mbili, rangi ya jivu, mabawa juu, na nyuma mlango mpana ulioshuka mpaka chini kama ulimi. Iliingia kikosini mwaka uleule. Tulimwita Bibi kwa sababu kila asubuhi alikohoa, akatoa moshi, akalalamika kila kiungo, kisha akafanya kazi kuwashinda vijana wote. Waliomtaja kwa namba yake walikuwa wakaguzi tu.

Bibi alibeba askari, mablanketi, unga, kengele ya kanisa, na safari moja kwaya nzima ya akina mama walioimba kutoka Burgas hadi Sofia bila kunyamaza. Mwaka 1994 alibeba kondoo madume watano wa kupandia. Mmoja alikata kamba, akaja mpaka kwenye kiti changu, akaanza kula ramani. Nilipogeuka alikuwa ameshameza bonde zima la Mto Maritsa. Rubani wetu, Meja Kolyo Bonchev, hata shingo hakugeuza.

"Haya, Metodi," alisema, "sasa muulize yeye njia."

Rangel alimshika dume yule pembe, akamrudisha nyuma taratibu huku akimbembeleza kama mgonjwa, na mpaka tunatua alikuwa amemkalia mgongoni.

Ukituuliza leo tunakumbuka nini, hatutaji medali. Tunakumbuka harufu: mafuta ya taa, mpira uliopata joto, makoti ya sufi yaliyolowa, na juu ya yote supu ya maharage ambayo Zdravka, mke wa Rangel, alimtilia kwenye chupa ya chai kila safari. Tunakumbuka kile kipasha joto kilichounguza vichwa na kuiacha miguu igande. Tulikilaani kila majira ya baridi. Sasa nina nyumba yenye joto la kutosha toka kichwani hadi miguuni, na kuna usiku naamka nikitamani baridi ile ya vidole, kwa sababu ningekuwa nayo ningekuwa bado na umri wa miaka thelathini na mitano, na mbele yangu mgongo wa Rangel, na mbele ya mgongo wake mawingu.

Injini zile zilikula masikio. Sisi wote zilitumegea kidogo. Rangel zilimla mzima. Ilianza yapata mwaka 1998. Kwanza aliacha kucheka vichekesho vilivyosemwa nyuma yake, na tulidhani vimechuja. Kisha Zdravka alinijia, amesimama mlangoni na mkoba wake, hataki hata kuketi.

"Metodi, mume wangu hasikii kengele ya mlango. Nikimtaka namtupia kitambaa cha vyombo. Huko juu anasikia nini?"

Nilimwambia kwamba huko juu kuna vipokea sauti vya masikioni, kila kitu husikika vizuri. Alinitazama kwa muda, akasema haya, na akaenda zake. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika jambo hili. Nilikuwa nimeshamwona Rangel akisoma midomo ya Bonchev kwenye kioo cha dirisha.

Nilimkabili siku ileile kwenye banda la ndege. Hakukana. Alisema tu kwamba wakijua watamshusha, na akishushwa hajui atafanya nini na mikono yake. Mimi pia sikujua Bibi angekuwaje bila yeye, na nakiri sikutaka kujua. Tukapanga lugha yetu. Kiti chake kilikuwa mbele ya changu, mkono wangu ulimfikia. Kumgusa bega la kulia ni injini ya kulia. La kushoto, ya kushoto. Kofi moja mgongoni, ndiyo, mawili, hapana. Baada ya miezi michache lugha ile ilikuwa na maneno arobaini, na mengine hayafai kuandikwa kwenye programu ya sherehe.

Ukaguzi wa afya tuliuvuka hivi. Kila mwaka daktari wa kikosi alisimama pembeni mwa chumba akanong'ona tarakimu, na anayepimwa akazirudia akiwa amempa mgongo. Daktari wetu wa enzi hizo alikuwa mtu mwema mwenye mazoea: tarakimu zake zilikuwa zilezile, kwa mfuatano uleule, mwaka nenda mwaka rudi. Mimi niliingia kwanza na kutoka nazo zimeandikwa kiganjani. Kwa ile mashine ya kupimia masikio kwa milio, Rangel aligundua mwenyewe kwamba taa yake nyekundu, iliyowaka kila mlio ulipotoka, ilionekana kwenye kioo cha kabati la dawa. Mwaka 2001 karatasi zilionyesha kwamba masikio yake ni mazima kuliko yangu.

Na kusema kweli, kuna siku uziwi wake ulituokoa. Februari 2003 theluji ilifunga barabara za vijiji vya milima ya Rodopi. Tulipakia mikate na unga, tukapaa kuvipeleka Plovdiv ambako helikopta zilikuwa zikisubiri. Dakika ishirini baada ya kuruka Rangel alivua glavu, akakilaza kiganja kwenye ukuta nyuma ya kiti cha rubani, akafumba macho. Kisha akasema injini ya kushoto haiko sawa, turudi.

Bonchev alikagua vyombo vyote. Mafuta, joto, mzunguko, kila mshale ulikuwa mahali pake.

"Fundi, vyombo vinasema ni mzima."

"Vyombo havijaishi naye," alijibu Rangel.

Bonchev akageuza ndege. Tulipotua tulitukanwa na kila mtu, kuanzia wapakiaji walioshusha mikate upya na kuipandisha kwenye malori. Jioni mafundi walifungua injini. Bearingi ya mhimili wa pangaboi ilikuwa imeanza kusagika, na oili imejaa unga wa chuma. Kwa makadirio yao, ilikuwa imebaki robo saa ya kuruka. Bonchev alimwendea Rangel mbele ya watu wote, akaushika mkono wake wa kulia, akaubusu kama watu wanavyoubusu mkono wa padri. Rangel aliona haya, akauficha mfukoni.

Tulikosea kuanzia siku ile. Tuliamini kwamba mkono unatosha.

Tarehe 12 Juni 2008 tulipaa na askari kumi na watatu wa miavuli kwa mazoezi. Tulipokaribia eneo la kurukia, watu wa chini walituambia upepo umezidi. Bonchev akaahirisha. Askari wakaambiwa wachomoe kamba za kufungulia miavuli, ambazo zisipofungwa kwenye ndege mwavuli haufunguki, na warudi kukaa. Mlango wa nyuma ulikuwa umeshushwa nusu. Swichi yake ilikuwa ukutani, hatua moja kutoka kiti changu, na mkono wa Rangel ulikuwa juu yake.

Bonchev alisema: "Funga. Tunarudi."

Rangel alisikia, au alikisia: "Fungua."

Kati ya maneno hayo mawili lilitakiwa liwepo kofi langu mgongoni kwake. Mimi nilikuwa nimeinamia dirisha langu natafuta reli ya kutuongoza nyumbani. Nilipoinua kichwa mlango ulikuwa umeshuka wote, ndege inapinda, na askari wa mwisho, kijana aliyeitwa Yavor Mitrev, amechomoa kamba yake, ameanguka, anateleza kwa magoti kuelekea penye mwanga. Mkufunzi wao alimdaka kwa mkanda wa mgongoni. Kofia ya chuma ya Mitrev ilimtoka kichwani, ikaviringika, ikatokomea, na ikaangukia shamba la alizeti ambako hadi leo haijapatikana.

Hakuna aliyeumia. Ripoti ilisema ni hitilafu ya mawasiliano, na mambo yangeweza kuishia hapo. Bonchev mwenyewe alidhani simu ya ndani ilikwaruza. Njiani kwenda kwenye magari nilimwambia Rangel, uso kwa uso ili aone midomo, kwamba imepita, tutakuwa waangalifu zaidi.

"Yule kijana alinitazama," alisema. "Akiwa anateleza alinitazama mimi, Metodi, akidhani ninajua ninachofanya."

Asubuhi yake, saa mbili kamili, alikwenda kwa kamanda akasema kwamba yeye ni kiziwi, amekuwa kiziwi miaka kumi. Kutoka hapo alikwenda bwenini kumtafuta Mitrev akamwambia vilevile. Mitrev alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia taratibu, akitamka kila neno, kwamba mzee amemtoa kofia lakini amemwachia kichwa, na hilo linatosha. Mitrev sasa ni kapteni. Kila Juni humletea Rangel kikapu cha cheri, na ndani yake hutia mbegu za alizeti.

Jopo lililoitwa kumhoji Rangel lilitaka jambo moja zaidi. Mtu hawezi kuficha uziwi miaka kumi peke yake. Mwenyekiti alimuuliza ni nani waliomsaidia.

Rangel alisema hakusikia swali.

Mwenyekiti alilirudia kwa sauti ya kupasua dari. Rangel akaweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Wakamwandikia kwenye karatasi. Akasema miwani ameiacha nyumbani. Karani akatumwa kwake kwa gari, akarudi na miwani, kumbe Zdravka alimpa ya marehemu mama mkwe. Saa saba ilipogonga waliamua waende kula, na swali likabaki kwenye karatasi bila jibu chini yake.

Walimwondoa angani. Kwa heshima ya ile safari ya mikate hawakumfukuza. Walimpa stoo ya vifaa, naye ameitunza kwa miaka kumi na mitano. Wote mnaijua. Hakuna spana iliyokwenda bila sahihi, wala bisibisi iliyorudi chafu ikapokewa. Alipoingia alizikuta spana zimerundikwa makreti kwa makreti. Akazitundika zote ukutani kwa misumari, kubwa hadi ndogo. Tulidhani ni unadhifu tu. Siku moja karani mgeni alimkuta amesimama katikati ya chumba, kikombe cha kahawa hewani, anautazama ukuta. Spana zilikuwa zinatetemeka. Bibi alikuwa anapaa. Rangel alingoja mpaka ya mwisho ikatulia, ndipo akanywa kahawa yake.

Bibi alipaa mara ya mwisho mwaka 2012. Rangel alialikwa akae kwenye kiti chake cha zamani, kama abiria. Alikataa, akasema hajui kuwa mgeni kwa Bibi. Alisimama kwenye majani kando ya njia ya kurukia, kofia mkononi, na mimi nilimwona kupitia dirisha langu akipungua mpaka akawa kama kijiti. Mzunguko ule wa mwisho sikusoma ramani. Nilichungulia chini kumtafuta. Nilipotua aliniuliza kama Bibi alikohoa wakati wa kuwashwa. Nikamwambia alikohoa mara tatu. Akasema vizuri, mara tatu ndio kawaida yake.

Sasa Bibi yuko kwenye jumba la makumbusho, matairi hayana upepo, na watoto wa shule hupiga picha chini ya bawa lake. Kila Mei sisi wa zamani tunaruhusiwa kuingia tumboni mwake. Tunaleta jibini, pilipili za kuchoma na rakia, pombe kali ya plamu anayoipika Rangel mwenyewe. Bonchev, mpaka alipofariki miaka miwili iliyopita, alikaa kiti chake na kulalamika kwamba mtu amekisogeza. Kila mmoja anasema uwongo wake uleule, na hakuna anayemsahihisha mwenzake. Halafu hufika wakati watu wananyamaza, kila mtu ametazama pembe yake, na unajua kabisa kila mmoja anasikia nini. Rangel ndiye pekee anayezisikia injini zile saa zote, mchana na usiku. Daktari anaiita hali hiyo ugonjwa wa mvumo masikioni na alimpa dawa ya kuutuliza. Zdravka anasema dawa ile iko kabatini, haijafunguliwa.

Kwenye mikutano hiyo kiti cha msoma ramani hakikaliwi mpaka nifike. Rangel hunitunzia. Hajawahi kunikumbusha lolote.

Hapa ndipo ninapotakiwa kusema nilichoombea ruhusa. Aliposhushwa yeye, mimi niliendelea kuruka miaka sita. Nilipanda cheo. Nilistaafu kwa heshima, nikapewa saa ya ukutani. Katika miaka yote hiyo sikusimama mbele ya mtu yeyote nikajibu swali ambalo Rangel hakulisikia. Mara tatu nilikwenda stoo na maneno mdomoni. Mara tatu nilitoka na bisibisi. Ya tatu sikuwa hata na kazi nayo. Aliniandikia kwenye daftari, nikatia sahihi, tukaagana.

Jumatatu iliyopita nilikwenda ofisi ya kumbukumbu nikaomba faili la mwaka 2008. Karani alinieleza kwa upole kwamba jambo lilikwisha, Meja Bonchev ameshatangulia, hakuna anayedai chochote. Nikamwambia najua. Karatasi ilikuwamo, na lile swali, kwa mwandiko wa mwenyekiti, wino umefifia. Chini yake niliandika: Metodi Yankulov, msoma ramani, kwa hiari yangu, tangu 1998 hadi 2008. Tarehe 12 Juni mkono wangu ulichelewa, si wake. Nikatia sahihi, karani akapiga muhuri.

Rangel, hakutakuwa na hotuba Ijumaa, umeomba hivyo na umeeleweka. Atakayekuwa na neno atakuja mbele yako penye mwanga, aseme taratibu. Uongozi na wenzako wote wanakushukuru kwa kila ndege iliyorudi salama kwa sababu spana yako ilikuwa msumarini pake, na kwa zile zilizorudi kabla hujawa na stoo. Unakwenda Troyan kwenye karakana ya baba yako, ambako Zdravka anasema mapipa yamekauka yakikusubiri. Tunakuombea afya, plamu tele, na mikono isiyokosa kazi hata siku moja. Usiku uwe mwema kwako, na Bibi aendelee kukohoa mara tatu.

Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Safari hii sitaki bisibisi.